Mkate wa Ufuta na Ukuta wa Tanuri

Habari za kale za mwambao wetu zimetufikia zaidi kwa wino wa wasafiri, na msafiri huandika alichoandaliwa, si namna kilivyoandaliwa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alitusimulia wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Jikoni hakuingia. Atakaye kujua historia ya mkate hana budi kuitafuta ardhini na katika maneno.

Ardhi imesema kidogo. Katika magofu ya kaskazini ya Pemba wataalamu walichambua punje zilizoungua. Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, ulikula zaidi uwele. Chwaka, ulioufuatia, uliegemea mpunga. Ngano haistawi katika joto la visiwa hivi. Ililetwa na vyombo vya baharini. Ndiyo maana mkate wetu wa zamani, mofa, ulikuwa wa unga wa mtama.

Maneno yanasema zaidi. Mofa inafahamika pia kwa Wayemeni wa Tihama, na Wasomali huiita muufo. Donge hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo lililokwisha kupata moto, likaiva limening'inia. Tanuri lenyewe ni neno kongwe: Waarabu husema tannur, nalo limetajwa katika kisa cha Nabii Nuhu ndani ya Sura Hud, na kabla yao Waakadi wa Mesopotamia walisema tinuru. Hamira nayo ni ya Kiarabu.

Lakini si kila nyumba ilikuwa na tanuri. Hebu tuutazame mkate wa ufuta wa Unguja, mkate wa chumvi usio na sukari wala iliki ya mkate wa kumimina. Unga wa ngano hukandwa kwa tui zito, hamira na chumvi, hata ukawa laini wa kunata. Wengine huongeza thomu iliyotwangwa na majani ya kotimiri. Hutandazwa kwa mkono uliolowa katika kikaango kisichotiwa mafuta, ili ugande. Upande wa chini ukishashika, kikaango hupinduliwa, uso wa mkate ukaelekea makaa hata ukageuka rangi ya dhahabu, ufuta ukanukia.

Mimi naona hapa tanuri halikupotea. Mwanamke asiye na ukuta wa udongo aliufanya ukuta kwa chuma, akaushika kwa mpini mbele ya moto. Hakuna kitabu kinachomtaja, nami sina ushahidi ila huo mgando wa unga usiodondoka.

Bibi aliyenilea hakujua kuandika jina lake. Nilipomwuliza kipimo cha tui alinijibu, "Mpaka mkono ukubali, mwanangu." Nimefasiri mashairi ya watu wengi, na maneno hayo manne bado sijapata kuyafasiri. Nilikwenda kwake na daftari mara moja tu, nikaandika majina ya vitu. Mara ya pili nilikusudia kuandika mikono, sikumkuta.

Msomaji, kama wako yungali hai, leo usimngoje akuandalie. Ingia jikoni.