Habari za Kuchanja Katika Nchi za Ziwa

Leo twataka kusimulia habari za kuchanja, yaani jinsi watu wakaao kandokando ya Ziwa Viktoria walivyopata kinga ya maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza watoto wao. Habari hizi ni ndefu, nasi tutazifupisha. Lakini twaomba mzisikilize mpaka mwisho, kwa kuwa zamhusu kila mwenye mtoto.

Mkuyuni ni kata ya mji wa Mwanza, upande wa kusini, kwenye njia ya kwenda Butimba. Jina lake lasema lenyewe: mahali penye mkuyu. Mama wa Mkuyuni aliyejifungua humchukua mtoto wake mpaka zahanati ya serikali, mkononi ameshika kadi. Mtoto hupimwa uzani, hudungwa sindano, hutiwa matone kinywani, kisha hurudishwa nyumbani. Mama hatoi hata senti moja. Jambo hili limekuwa la kawaida mno, hata wengi hawaulizi limetoka wapi. Nasi tulio walimu twajua ya kuwa kitu kisichoulizwa asili yake husahauliwa upesi thamani yake.

Basi na tuanze na ndui. Vijana wa leo hawajaiona, na jina lake kwao ni neno tu. Katika kila watu kumi waliougua ndui kali, kama watatu walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka macho. Ndui haikuhitaji mbu wala mbung'o wa kuieneza. Ilisafiri na watu wenyewe, kwa pumzi zao na kwa nguo zao. Kwa hiyo katika karne ya 19, misafara ya pembe na ya watumwa ilipozidi kati ya pwani, Tabora na ziwa, ndui nayo ilipata njia iliyonyoka. Tena kwenye mwaka 1891 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki. Wafugaji wakapoteza mali yao, njaa ikafuata sotoka, na ndui ikafuata njaa, kwa maana mwili uliodhoofika hauna nguvu ya kupigana.

Je, watu wa zamani hawakujua dawa? Walijua jambo moja kubwa: ya kuwa aliyepona ndui haugui tena. Kwa sababu hiyo, katika sehemu mbalimbali za Afrika na Asia, watu walichanja ngozi ya mtu mzima wa afya, wakamtia usaha kidogo wa mgonjwa, apate ndui nyepesi na kukingwa na ndui kali. Mwaka 1721, ndui ilipoingia mji wa Boston katika Marekani, mhubiri Cotton Mather alitangaza dawa hiyo, naye alikuwa amefundishwa na mtumwa wake Mwafrika, jina lake Onesimus. Walakini njia ile ilikuwa na hatari, kwa kuwa aliyechanjwa alipata ndui ya kweli, na aliweza kufa au kuwaambukiza wenziwe.

Ndipo mwaka 1796 daktari wa Kiingereza, Edward Jenner, alipotafuta njia iliyo salama zaidi. Ilikuwa imesemwa ya kuwa wanawake wakamao maziwa, wakiambukizwa ndui ya ng'ombe mikononi, hawaugui ndui ya watu. Tarehe 14 Mei Jenner alitwaa usaha katika kidonda cha mkamaji mmoja, akamchanja mtoto wa miaka minane, James Phipps. Baadaye akamtia usaha wa ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. Huo ndio mwanzo wa chanjo zote. Na Waswahili hawakuhitaji kukopa neno la jambo hili. Kuchanja kulikuwa kazi ya waganga wao tangu zamani.

Sasa mtu atauliza: ikiwa dawa ilipatikana mwaka 1796, kwa nini watu wa ziwani waliendelea kufa kwa ndui zaidi ya miaka 100? Sababu ya kwanza ni jua. Dawa ile ilikuwa kitu chenye uhai, na joto liliiua. Msafara kutoka pwani mpaka Mwanza ulichukua miezi, na dawa iliyofika imekwisha kufa haikumkinga mtu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuvuka ziwa. Reli ya Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Safari ikafupika, lakini jua lilikuwa lile lile. Mtu aliyechanjwa kwa dawa mbovu, kisha akaugua, aliwaambia jirani zake ya kuwa chanjo ni uongo, na ni nani angaliweza kumlaumu?

Sababu ya pili ilikuwa hofu, na hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Katika siku za utawala wa kikoloni watu walikusanywa kwa amri ili wachanjwe, wala hawakuelezwa sawasawa. Tena tukumbuke mambo ya malale. Ugonjwa huo uliua watu wengi sana katika visiwa na fuko za kaskazini ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 daktari mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alikwenda visiwa vya Sese, akawadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili. Wengine walipata nafuu kwa muda, na wengine wakapofuka kwa dawa ile. Habari ya namna hiyo haikai kisiwani; hupanda mtumbwi pamoja na samaki.

Lakini sindano hiyo hiyo iliyoogopwa ilikuja kupendwa. Katika miaka ya 1920 ilitolewa sindano ya buba, na mtu mwenye vidonda mwili mzima alipodungwa aliviona vikikauka kwa siku chache. Watu walimiminika kuitafuta. Hapa pana fundisho, nasi twaomba mlishike. Dawa ya kuponya huonekana kazi yake. Dawa ya kukinga haionekani. Aliyeponywa buba humshukuru mganga, bali aliyekingwa na ndui hajui kwamba angaliugua. Ndiyo sababu kinga huhitaji maelezo kuliko tiba, na ndiyo sababu amri peke yake haitoshi.

Shida ya jua ilishindwa kwa elimu. Katika miaka ya 1950 ilipatikana njia nzuri ya kuikausha dawa ya ndui, ikaweza kustahimili joto. Kisha ikatengenezwa sindano ndogo yenye ncha mbili, ambayo mtu aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza juhudi mpya ya kuifukuza ndui duniani kote. Wachanjaji walikwenda kwa magari, kwa mitumbwi na kwa miguu, na palipotokea mgonjwa walimtenga, wakawachanja wote waliomzunguka. Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Merca katika Somalia, Oktoba 1977, akapona. Tarehe 8 Mei 1980 ilitangazwa ya kuwa ndui imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanadamu kumalizwa kabisa.

Tanzania haikungoja siku hiyo ili kuanza kazi nyingine. Mwaka 1975 ulianzishwa mpango wa taifa wa kuwachanja watoto, kukinga maradhi sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Baadaye ziliongezwa chanjo nyingine: ya homa ya ini mwaka 2002, za kichomi na kuhara kwenye mwaka 2013, ya rubela mwaka 2014, na mwaka 2018 chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 1993, serikali ilipoanza kuwataka wagonjwa wachangie gharama hospitalini, chanjo za watoto ziliachwa bila malipo.

Kwa nini ziliachwa? Si kwa huruma tu. Surua huenea upesi kuliko karibu maradhi yote. Ili izuiwe mahali, yapasa watoto 95 katika kila 100 wawe wamekingwa. Chanjo ya mtoto mmoja, basi, ni boma la mtoto wa jirani, hasa yule mchanga ambaye siku zake za kuchanjwa hazijafika. Kama ingaliuzwa, maskini wangaliikosa, na boma lingalikuwa na mlango wazi kwa wote, maskini na tajiri. Walakini bure si maana yake haina gharama. Dawa hununuliwa kwa kodi za wananchi na kwa misaada ya mataifa, tena huwekwa katika baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 tangu kiwandani mpaka zahanati. Mtu anayeiacha chanjo iharibike bure ameacha mali yake mwenyewe.

Wala tusidhani vita vimekwisha. Polio ya asili ilionekana Tanzania kwa mara ya mwisho mwaka 1996, lakini Februari 2022 mgonjwa alitangazwa Malawi, kwa jirani, na watoto wa Tanzania wakachanjwa tena nyumba kwa nyumba. Katika ziwa letu shida ni ya safari. Mvuvi huhamia Kome mwezi huu, na Ukerewe mwezi ujao, pamoja na mkewe na watoto. Sindano ya kwanza hutolewa mahali pamoja, na ya pili haitolewi popote. Waswahili wasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, wazazi wa Mkuyuni na wa kila mwalo, itazameni kadi ya mtoto wenu. Siku ya kuzaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu begani na matone ya polio; kisha hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14; kisha miezi 9, na miezi 18 kwa surua na rubela. Mkihama, kadi ihame nanyi, na zahanati yoyote ya serikali itaendelea pale ilipoishia. Aliyekosa siku yake asione haya kwenda, aende kesho. Na mwenye hofu aulize, naye aliyeulizwa ajibu kwa upole, kwa maana watu wa ziwa hili waliwahi kudungwa sindano bila kupewa jibu.