Kiboko Ndani ya Yai la Chokoleti

Kuna vidude vya plastiki, vifupi kuliko kidole gumba, vinavyotoka tumboni mwa mayai ya chokoleti. Kampuni ya Ferrero ya Italia ilianza kuyauza mayai hayo mwaka 1974, ikifuata desturi ya Waitalia ya kuficha zawadi ndani ya yai la Pasaka.

Waliolengwa ni watoto. Walionogewa ni wazazi wao. Homa ya kukusanya vidude hivi ilipanda zaidi Ujerumani. Huko wapo watu wazima, wenye kazi na heshima zao, wanaoyatikisa mayai dukani karibu na sikio, hata kuyapima kwa mizani, wapate kubahatisha lipi lina sanamu na lipi lina vipande vya kuunganisha. Mkusanyaji makini hatupi hata kikaratasi kilichokunjwa ndani ya kikopo cha njano. Sanamu isiyo na kikaratasi chake hushuka bei.

Seti ya viboko ya mwaka 1988, Happy Hippos, ni kati ya zinazopendwa sana. Sisi wa mkoa wa Haut-Lomami, Kongo, wenye viboko halisi kule Upemba, turuhusiwe kucheka kidogo.

Marekani yai hili limepigwa marufuku: sheria ya 1938 inakataza kuficha kitu kisicholiwa ndani ya peremende. Kwa nchi za joto kuna Kinder Joy ya kampuni hiyohiyo, ya mwaka 2001, ganda la plastiki lenye nusu mbili: krimu huku, kichezeo kule.

Vipande vya vichezeo ni vidogo na huweza kukaba koo. Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe.