Daktari wa watoto mahututi wa moyo

Daktari wa watoto mahututi wa moyo ni bingwa anayehudumia watoto ambao moyo wao, mara nyingi kwa kasoro ya kuzaliwa nayo, umeshindwa kazi au umetoka kufanyiwa upasuaji. Saa 6 hadi 18 baada ya upasuaji ndizo ngumu zaidi, kwani moyo hudhoofika kabla ya kupata nafuu. Daktari hufuatilia shinikizo la damu, kiasi cha mkojo na laktati, kemikali inayopanda damuni tishu zikikosa oksijeni. Hugusa pia nyayo, maana miguu ikipoa huenda damu haifiki vizuri. Dozi za dawa za kusaidia moyo kusukuma damu, kama milrinoni, hurekebishwa kidogo kidogo. Kichanga anayetegemea daktasi, mshipa unaounganisha aota na ateri ya mapafu ambao kwa kawaida huziba baada ya kuzaliwa, hupewa dawa ya prostaglandini ili mshipa huo usizibe. Nchini Tanzania, watoto hufanyiwa upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.