Unga wa Protini ni Nyongeza ya Nini?

Katika Mji wa Kale wa Mombasa neno unga lina maana mbili. Ya kwanza ni ya jikoni: unga wa ngano wa kukandia mahamri, unga wa mchele wa vitumbua, unga wa mahindi wa sima. Ya pili hutajwa kwa sauti ya chini kwenye baraza za Kibokoni na Ndia Kuu: heroini, iliyoanza kuwaharibu vijana wa kisiwani miaka ya 1980 na mpaka leo haijakoma. Kwa hiyo kijana anayenyanyua vyuma akimwambia mamake, "Mama, siku hizi natumia unga," ajiandae kuitiwa wajomba.

Kijana huyo hakukosea msamiati. Kitu chenyewe ni unga, na "unga wa protini" ndilo jina ninalolipendelea kuliko "poda ya protini". Poda, kwa mtu wa pwani, hupakwa: ya mtoto akishaogeshwa, ya bibi harusi. Unga huliwa. Mwenye kutoa maelfu ya shilingi kwa kopo moja anapaswa kujua kwamba amenunua chakula kilichokaushwa, si kipodozi wala dawa. Sharti langu ni moja tu, jina lisikatwe katikati.

Neno protini liliingia katika maandishi ya sayansi mwaka 1838 kupitia mkemia Mholanzi Gerardus Johannes Mulder, aliyependekezewa na Jöns Jacob Berzelius wa Sweden. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kuwa wa kwanza. Kamusi zetu zimewahi kutoa utomwili. Halikushika, na sidhani kama litashika sasa. Shuleni tulifundishwa "vyakula vya kujenga mwili", pamoja na vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, na kwa miaka mingi maelezo hayo yalitosha.

Kisha zikaja jimu zikayateka. Kujenga mwili sasa ni kifua na mikono, na mtu husadiki kwamba akishakunywa chakula cha kujenga mwili, mwili utajijenga. Protini hujenga ngozi, damu, vimeng'enya na kinga. Misuli hupata sehemu yake, na haiongezeki ila ikitumikishwa kwa uzito. Watanzania wamejiepusha na mkanganyiko huu kwa kusema kutunisha misuli. Tuwaige.

Neno linalonikera zaidi ni virutubisho. Kwa asili kirutubisho ni kile kilichomo ndani ya chakula kinachoulisha mwili: protini, mafuta, vitamini, madini. Matangazo yamelichukua neno hilo likawa jina la makopo na vidonge, hata ukamsikia mtu akisema hajaanza kutumia virutubisho, ilhali ametoka kula samaki wa kupaka. Istilahi iliyo sawa kwa kopo ni nyongeza ya lishe, na uzuri wake ni kwamba haikubali kusimama peke yake. Ukisema nyongeza, lazima uulizwe: juu ya nini?

Basi tujibu. Shirika la Afya Duniani linaweka hitaji la mtu mzima mwenye afya kuwa gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50. Asubuhi amekula sahani ya mbaazi za nazi na mahamri mawili: tukadirie gramu 17. Mchana wali na kipande kizuri cha samaki, changu au nguru: 35 hivi. Usiku bakuli la pojo na chapati: 18. Amefika 70 kabla hatujahesabu maziwa ya kwenye chai. Huyu akiongezewa kopo ataongezewa gharama.

Anayenyanyua vyuma kwa bidii hesabu yake ni nyingine. Wataalamu wa lishe ya michezo hutaja gramu 1.4 hadi 2 kwa kilo, yaani 84 hadi 120 kwa mtu yuleyule. Pengo lipo, na kijiko kimoja cha kupimia, kwa kawaida gramu 30 za unga zenye protini 20 hadi 25, kinaweza kuliziba au kulipunguza. Mayai 4 nayo hufanya hivyo. Lililo bora hapo ni suala la mfuko, muda na tumbo, wala si la siri yoyote iliyomo koponi.

Sasa tufungue kopo. Mara nyingi limeandikwa whey, ambalo vijana hulitamka wei, nami nitaliandika hivyo. Maziwa yakigandishwa ili kutengeneza jibini, hujitenga pande mbili: mabonge meupe, na maji ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Maji hayo ndiyo wei. Kila aliyewahi kuacha mtindi ukakaa ameyaona yakielea juu. Viwanda vya jibini Ulaya na Marekani kwa muda mrefu viliyamwaga au kuwapa nguruwe, mpaka ikapatikana mitambo ya kuyachuja na kuyakausha. Katika protini ya maziwa ya ng'ombe, sehemu 80 kwa 100 ni kaseini inayobaki kwenye jibini, na 20 tu ndiyo hubaki kwenye maji hayo. Lita moja ya maziwa ina kama gramu 6 au 7 za protini ya wei. Kijiko kimoja kimebeba wei ya lita tatu na ushei.

Aina za wei hutofautishwa kwa usindikaji wake, na hapa Kiswahili kinajitosheleza. Kuna wei iliyokolezwa, ambayo kwa kawaida huwa na protini kama asilimia 80 na laktosi, yaani sukari ya maziwa, kidogo. Wei iliyotengwa, yenye 90 au zaidi na laktosi karibu kuisha. Na wei iliyokatwakatwa kwa vimeng'enya, chungu kidogo na ghali kuliko zote. Mtu ambaye bilauri ya maziwa humjaza gesi, na wako wengi, aanzie hiyo ya pili, au atafute unga wa soya. Anayekunywa maziwa bila taabu ile ya kwanza inamtosha.

Ila jihadhari na kopo kubwa la kuongeza uzito. Soma nyuma: utakuta sehemu kubwa ni maltodekstrini, wanga unaosagika haraka kuwa sukari mwilini. Katika familia zenye kisukari, na Mombasa hazikosekani, hilo si jambo dogo.

Hata namba ya protini iliyoandikwa haipaswi kusadikiwa kwa kufumba macho. Tangu Johan Kjeldahl wa Copenhagen abuni kipimo chake mwaka 1883, maabara nyingi hazipimi protini yenyewe. Hupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Chochote chenye nitrojeni hupita. Mwaka 2008 nchini China maziwa ya watoto yalitiwa melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, kwa hila hiyo. Watoto wapatao 300,000 waliugua, na 6 wakafa. Kwenye unga wa jimu hila ni ya upole zaidi: hutiwa glisini au taurini, asidi amino za bei rahisi. Ukizikuta katika orodha ya viambato, rudisha kopo. Tafuta pia stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Mkimbiaji wa mashindano aangalie zaidi, kwa sababu sheria za kuzuia dawa haramu humshika mwanamichezo kwa kilichomo mwilini mwake, hata kama kiliingia bila yeye kujua.

Kwa Mji wa Kale kuna swali jingine, la halali. Maziwa ya jibini hugandishwa kwa renneti, ambayo asili yake ni kimeng'enya cha tumbo la ndama, na wei hutoka katika kazi hiyohiyo. Siku hizi viwanda vingi hutumia renneti ya vijidudu, lakini lebo haisemi kila mara. Nembo ya halali ndiyo ya kuuliza. Iulizwe pia kwa kolajeni, protini inayouzwa kwa urembo: hiyo huchemshwa kutoka ngozi na mifupa, ya ng'ombe, samaki au nguruwe, tena haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino 9 za lazima.

Katika nyumba nyingi mwenye kuhitaji nyongeza hata si huyu kijana. Ni bibi wa miaka 75 aliyepoteza meno na hamu, anayeshinda kwa chai na kipande cha mkate. Wataalamu wa uzee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo kwa umri wake. Akiwa na kilo 55, ni 55 hadi 66, na chai na mkate havimfikishi hata nusu. Figo zake zipimwe kwanza, kisha nusu kijiko cha unga usio na ladha kikorogwe katika uji wake ukishapoa kidogo, maana wei ikitiwa kwenye uji unaotokota huganda mabonge.