Mzizi na viambishi: kumwongoza mtoto asome kwa maana

Mzizi ni sehemu ya neno inayobeba maana ya msingi. Kiambishi awali huutangulia mzizi. Kiambishi tamati huufuata.

Tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, hivyo mtoto aliyezimudu silabi huweza kutamka karibu neno lolote. Hapo mlezi huweza kudanganyika, akadhani kutamka ndiko kuelewa. Mtoto apitaye Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, aweza kusoma "wauzaji wa jumla" pasipo kukwama, na bado asitambue kuwa *wauzaji* na *mauzo* ni maneno ya ukoo mmoja.

Mfano: *hawatatuuzia*
Kwa silabi: ha-wa-ta-tu-u-zi-a
Kwa maana: ha-wa-ta-tu-uz-i-a

*Ha-* hukanusha; *-wa-* huonyesha watenda; *-ta-*, wakati ujao; *-tu-*, watendewa; *-uz-* ni mzizi; *-i-* huonyesha kutendea; *-a* ni kiishio. Silabi *zi* imeuchanganya mzizi na kiambishi. Silabi hufaa kutamkia. Maana hugawanyika kwingine.

Utaratibu
1. Mtoto aanze na mzizi mmoja na ukoo wake: *uza, uzwa, uzia, muuzaji, mauzo*. Aulizwe ni kipi kisichobadilika.
2. Abadilishe kiambishi kimoja kwa wakati mmoja: *anauza, aliuza, atauza*.
3. Ndipo aonyeshwe mizizi inayobadili sauti: *pika* huzaa *mpishi*, *nunua* huzaa *mnunuzi*.

Katika kamusi: Kitenzi huorodheshwa bila viambishi vya nafsi na wakati. Anayetafuta *wananunua* afungue *nunua*. Nomino hubaki na kiambishi chake cha umoja: *wanunuzi* hutafutwa chini ya *mnunuzi*.

Tahadhari: Si kila silabi ya mwanzo ni kiambishi. Ukikata *ma-* katika *madini*, hubaki *dini*, neno lisilohusiana nalo. *Madini* lilitoka katika Kiarabu likiwa na *ma* yake. Vivyo hivyo, *Ka-* ya *Kariakoo* haikatwi: jina zima limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Lakini *wapagazi* hukatika: *wa-* ni ya wingi, na kitenzi chake ni *pagaa*, yaani kubeba mzigo.

Kipimo ni maana. Kipande kilichobaki kisipohusiana na neno zima, mkato haukuwa sahihi.