Habari za Daktari Abbott, Mkusanyaji wa Viumbe

Sisi tufundishao katika milima ya Usambara tumezoea kuwaona wageni wakija Amani kutafuta mimea, ndege na wadudu. Tangu mwaka 1902, Wajerumani walipoweka hapo chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, jina la Amani limejulikana kwa wataalamu wa nchi nyingi. Lakini kazi ya namna hii ilianza zamani zaidi, na mmoja wa walioitangulia, huko Kilimanjaro, ni tabibu Mmarekani, William Louis Abbott.

Alizaliwa Philadelphia mwaka 1860, akahitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1884. Mwaka 1886 alirithi mali, akaiacha kazi ya kuponya, akaazimu kusafiri na kukusanya viumbe. Mwaka 1887 akafika Afrika ya Mashariki, akakaa yapata miaka miwili pande za Taveta na Kilimanjaro. Mwaka 1888 alijaribu kukwea mlima pamoja na Mjerumani Otto Ehlers, lakini akaugua njiani, akarudi.

Kilele kilimshinda; msitu haukumshinda. Vitu alivyovikusanya alivitoa zawadi kwa nyumba ya makumbusho ya Washington. Huko mwaka 1890 Frederick True akamwandika minde kwa jina la kitaalamu, Cephalophus spadix; na mwaka 1897 Charles Richmond akamwandika kwezi mmoja wa milimani. Waingereza huwaita wote wawili kwa jina la Abbott. Tena alikusanya silaha, mapambo na vyombo vya watu wa Kilimanjaro, akaviandikia orodha yenye maelezo. Baadaye alisafiri Shelisheli, Madagascar, Kashmir, Malaya hata Haiti, akafa mwaka 1936, naye ameiachia nyumba ile sehemu ya mali yake.

Basi, je, Abbott ndiye aliyemvumbua minde? La. Minde alikuwa na jina lake kabla tabibu huyu hajazaliwa, na mnyama mwoga namna ile haonekani na mgeni katika msitu mzito pasipo wenyeji wa kumwongoza. Jina la mgeni limebaki vitabuni. Majina ya waongozi wake hayakupata nafasi hiyo. Lakini tusimlaumu kwa haraka. Yeye aliandika, na kwa kuwa aliandika, mtu aweza leo kujua chombo fulani kilitoka wapi na kilitumiwaje. Wazee wetu walijua mengi kuliko yeye, ila maarifa yao yalikaa vinywani, nao wakaenda nayo kaburini.

Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu msituni, nikawaonyesha mti tuuitao mkulo, ambao Wachaga huuita mseri. Jina lake la kitaalamu, Ocotea usambarensis, limechukuliwa katika nchi yetu wenyewe. Darasa zima, mtoto mmoja tu aliujua, naye alifundishwa na babu yake mpasua mbao. Nikaona haya, kwa maana mimi mwalimu wao sikuwa nimewafundisha.

Kwa hiyo, ndugu walimu, kila mmoja wetu na awe na daftari. Tuandike jina la mti, la ndege na la chombo kwa lugha ya mahali, na kazi yake, na pamoja nayo jina la mzee aliyetuambia. Abbott alivuka bahari ili aandike. Sisi yatutosha kuvuka kijito.