Umeme wa redio ya mkononi ya anga

Redio ya mkononi ya anga ni chombo kidogo ambacho marubani hutumia kuzungumza na waongozaji wa ndege au na marubani wenzao. Hufanya kazi kwenye masafa ya megahezi 118 hadi 137; kati ya hayo, 121.5 yametengwa kimataifa kwa ajili ya dharura. Katika maputo ya hewa moto na ndege zisizo na injini, inaweza kuwa ndiyo redio kuu. Katika eropleni ndogo za kawaida huwekwa kama akiba.

Betri

Redio nyingi hutumia betri ya lithiamu. Seli moja huwa na volti 3.7 hivi, na ikijaa hufikia 4.2, hivyo betri ya seli mbili hujaa kwenye volti 8.4. Redio nyingine hukubali pia kasha la betri kavu: seli sita za volti 1.5 hutoa volti 9. Betri kavu za kawaida hazichajiwi, kwa kuwa zinaweza kuvuja au kupasuka.

Kutuma sauti hula umeme mwingi kuliko kusikiliza. Ndiyo sababu betri iliyochoka huweza kupokea vizuri, kisha redio ikazima rubani anapobonyeza kitufe cha kuongea.

Chanzo cha nje

Eropleni yenye betri ya volti 12 hutoa takriban volti 14 injini inapofanya kazi. Yenye betri ya volti 24 hutoa 28. Redio ikiunganishwa moja kwa moja na volti zinazozidi kiwango chake inaweza kuungua. Kwa hiyo huhitajika adapta ya kupunguza volti, yenye fyuzi, na ambayo ncha zake chanya na hasi zinalingana na za redio.

Tundu la umeme halifanyi kazi ileile katika kila redio. Katika baadhi huendesha redio tu bila kuchaji betri. Katika nyingine betri huchajiwa redio ikiwa imezimwa. Pawabenki ya kawaida hutoa volti 5, ambazo hazitoshi kuchaji betri ya seli mbili bila kifaa cha kupandisha volti, kiwe ndani ya redio au kwenye waya.

Kelele

Adapta nyingi hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Jambo hilo huzaa mawimbi yanayosikika kama mkoromo na kufunika sauti dhaifu. Hupimwa ndege ikiwa chini, kwa kusikiliza adapta ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa.

Akiba

Umeme wa ndege ukikatika, adapta nayo hukosa umeme, na redio hubaki na betri yake peke yake. Kwa sababu hiyo betri hujazwa kabla ya safari, na chanzo cha nje huhesabiwa kuwa msaada, si mbadala wake. Betri ya lithiamu iliyovimba haichajiwi tena, na ile iliyo chini ya nyuzi 0 za selsiasi huachwa kwanza ipate joto.